Karimjee Alikuwa Nani? Meya, Spika na Ukumbi Ambamo Mwalimu Aliapishwa

Mwaka jana, kwenye sherehe yetu ya 9 Desemba hapa Johannesburg, kabla pilau haijapakuliwa, watoto walibandika picha za historia ukutani. Moja ilikuwa ya Mwalimu Nyerere akiapishwa kuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, mwaka 1962. Chini yake mtoto mmoja alikuwa ameandika kwa kalamu nene: Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam. Mwanangu, aliyezaliwa hapa na ambaye Kiswahili chake kimeshaingia lafudhi ya Joburg, akanivuta mkono. "Mama, Karimjee alikuwa nani? Alipigania uhuru?" Nikamjibu haraka haraka kwamba alikuwa tajiri wa Kihindi, nikaenda kupakua pilau.

Jibu lile lilinifuata hadi kazini. Mimi ni muuguzi, digrii yangu nimeisomea ugenini, na miaka ya wodini imenifundisha kuwa jibu linalotolewa ili mtu aondoke zake ndilo linalorudi kukusumbua saa tisa ya usiku. Mtoto aliuliza swali la historia, nami nikampa asili ya mtu na uzito wa mfuko wake, basi. Haya ninayoandika ndiyo majibu niliyopaswa kumpa siku ile, na kwa kuwa jarida letu husomwa na wazazi pamoja na watoto, naomba wenzake nao wasome.

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa majina. Ndugu zetu Wakenya wanaokuja kula nasi sikukuu hii wana Bustani ya Jeevanjee pale Nairobi. Huyo ni Alibhai Mulla Jeevanjee, mtu mwingine kabisa, ingawa naye alikuwa Bohora, mfanyabiashara, na mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la kwao. Wetu ni Abdulkarim Yusufali Alibhai Karimjee, ambaye mara nyingi huandikwa kwa kifupi A. Y. A. Karimjee.

Ukoo wake ulitoka Mandvi, bandari ya Kutch magharibi mwa India, ukafika Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, zama za Seyyid Said, wakati majahazi yalipokuwa yakija na kaskazi na kurudi na kusi. Kampuni iliyobeba jina la Karimjee Jivanjee ilianza miaka ya 1860. Biashara yao ilikuwa ile ile iliyokuwa ya Unguja nzima: karafuu, pembe za ndovu, nguo na vyakula. Baadaye, katika karne ya 20, uzito wa biashara ukavuka bahari kwenda Tanga na Dar es Salaam, na pale bara wakaingia kwenye zao lililokuwa likiitwa dhahabu ya Tanganyika, yaani mkonge. Walikuwa miongoni mwa wenye mashamba wakubwa wa zao hilo. Mpaka leo ukimtajia mtu wa Dar es Salaam jina la Karimjee, atakujibu Toyota, kwa sababu wao ndio waliokuwa mawakala wa magari hayo.

Familia hii ilikuwa na desturi ya kutoa. Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kabla ya Mapinduzi ya 1964 iliitwa Hospitali ya Karimjee Jivanjee, kwa ajili ya fedha zao. Kwetu Tanga kulikuwa na shule ya sekondari ya Karimjee, ambayo leo ni Usagara. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimepita mbele ya shule ile maelfu ya mara nikiwa na ndoo au na kikapu cha sokoni, wala sikuwahi kusikia jina lake la zamani mpaka nilipokuwa mtu mzima. Jina la shule likibadilishwa, watoto wa kizazi kimoja tu wanatosha kusahau.

Sasa twende Dar es Salaam. Mji ule ulipewa hadhi ya manispaa mwaka 1949, ukapata baraza na Meya. Usifikirie baraza la madiwani kama mnavyoliona hapa, wanaopigiwa kura kata kwa kata na kubandika sura zao kwenye nguzo za umeme. Mji wenyewe ulikuwa umegawanywa kwa rangi: Uzunguni kwenye upepo wa bahari, Uhindini kwenye maduka, Waafrika Kariakoo, Ilala na kwingineko, na katikati Mnazi Mmoja uwanja mtupu ulioachwa ili watu wasigusane sana. Watoto wenu wanaosoma historia ya Afrika Kusini shuleni wataielewa ramani hiyo bila kuelezwa mara mbili. Waafrika ndio waliokuwa wengi mjini, lakini si wao waliokuwa wengi barazani, na watu wa Kariakoo hawakumpigia kura Meya yeyote wa miaka hiyo.

Katika baraza la namna hiyo A. Y. A. Karimjee alikaa, na katika miaka ya 1950 akawa Meya wa Dar es Salaam. Kazi ya manispaa haina utukufu. Ni masoko, mitaro ya maji ya mvua, taka, taa za barabarani, vibali vya kujenga, machinjio, makaburi, kodi ya majengo. Wanahistoria huipita kazi hii wakikimbilia hotuba, lakini sisi tulio kwenye afya tunajua kuwa mtaro uliozibwa au uliozibuliwa huamua ni watoto wangapi watalazwa na homa mvua zikikatika. Mfanyabiashara mwenye mashamba, maghala na mawakala wake angeweza kabisa kukaa ofisini, akatoa hundi mara moja kwa mwaka na kupigwa picha. Yeye alikwenda kwenye vikao vya mitaro. Hilo namhesabia, hata kama baraza lenyewe halikuwa la haki.

Katikati ya miaka hiyo ya 1950 familia ikajenga ukumbi karibu na Bustani ya Mimea iliyoanzishwa na Wajerumani, ikaukabidhi kwa mji. Ndio Ukumbi wa Karimjee. Baraza la Kutunga Sheria likaanza kukutania humo, na baadaye Karimjee mwenyewe akashika kiti cha Spika wa Baraza hilo, akimpokea Mwingereza, Brigedia Scupham. Kwa hiyo tangu hapo hadi 1962, mtu aliyesema "utulivu" ndani ya ukumbi ule alikuwa wa familia iliyoujenga.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu miaka hiyo hiyo, mjini humo humo, kulikuwa na mchango mwingine. Machi 1955 Mwalimu Nyerere alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. TANU ilikuwa haijatimiza hata mwaka mmoja. Chama kilichangisha nauli. Mzee John Rupia, makamu wa rais wa TANU na mfanyabiashara Mwafrika aliyekuwa na uwezo kuliko wengi, alikuwa mmoja wa waliokibeba chama kifedha, lakini nyuma yake walikuwapo wachuuzi wa sokoni, makarani, akina mama wa vyama vya ngoma, watu wa shilingi moja moja. Upande mmoja wa Mnazi Mmoja, tajiri mmoja alijenga ukumbi mzima. Upande wa pili, watu wengi walinunua tiketi moja ya ndege. Ukiniuliza ni upi uliokuwa mchango mkubwa, nitakwambia Mwalimu asingeapishwa mahali popote bila ule wa pili. Lakini aliapishwa ndani ya ule wa kwanza. Yote mawili ni kweli, wala sioni sababu ya kumficha mtoto moja kati ya hayo.

Nami nina neno langu kuhusu fedha iliyojenga majumba ya enzi hizo. Babu yangu mzaa baba alikuwa Muha wa Kigoma, na aliletwa Tanga kama manamba. Neno lenyewe linajieleza: ulipoandikishwa ulipewa namba, na namba ndiyo iliyoitwa asubuhi, si jina lako. Shamba alilofanyia kazi lilikuwa la tajiri mwingine ambaye simtaji, na sina ushahidi kwamba mashamba ya Karimjee yalikuwa mabaya zaidi au bora zaidi ya mengine. Mfumo ulikuwa mmoja. Wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya pamoja ya kutafuta vibarua mikoa ya mbali, iliyojulikana kama SILABU. Kibarua alipewa kipande chenye siku 30. Ukimaliza kazi uliyopimiwa siku hiyo, unawekewa alama. Usipomaliza, hakuna alama, ingawa umeamka kabla ya jogoo na miiba ya mkonge imekuchana mikono. Mshahara ulikuja alama zote 30 zikitimia, si mwezi wa kalenda ukiisha. Posho ilipimwa kwa kopo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati wa vita ya Korea, bei ya singa duniani ilipaa mno. Majeshi yanahitaji kamba. Wenye mashamba Tanganyika walitajirika kwa kasi ambayo hawakuwahi kuiona. Babu alikuwa akisimulia kuwa mwaka huo yeye aliona mabadiliko mawili tu: mashine ya korona ilinguruma hadi usiku, na karani akanunua baiskeli mpya. Kwa hiyo ninapoona ukumbi, shule au hospitali ya miaka ile yenye jina la tajiri mlangoni, nashukuru, kisha moyoni naongeza namba. Namba ya babu yangu sikuijua. Alikataa kuitaja mpaka anaingia kaburini.

Turudi ukumbini. Kiti cha Spika miaka ile hakikuwa kiti cha raha. Gavana Twining alikuwa akishikilia siasa yake ya mataifa matatu, kana kwamba Waafrika mamilioni, Waasia na Wazungu wachache walikuwa mafiga matatu yenye uzito sawa. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, mmoja wa kila rangi. TANU ilikutana Tabora Januari 1958, ikabishana sana, mwishowe ikaamua kuingia kwenye uchaguzi ule na kuushinda kutoka ndani, ikiwaunga mkono Waasia na Wazungu walioafiki uhuru. Hapo ndipo wakaja akina Amir Jamal, Sophia Mustafa na Mahmud Rattansey. Hao walisimama na TANU waziwazi. Karimjee hakuwa mmoja wao. Spika hana upande, na hata kabla ya uspika njia yake ilikuwa ya wazee wa biashara wanaofanya kazi na serikali iliyopo. Wapo watakaosema alikuwa mtu wa mkoloni. Siwezi kuwapinga moja kwa moja: aliteuliwa na mkoloni, akaongoza vikao kwa kanuni za mkoloni. Nasema tu kwamba Nyerere na wenzake, walipopata wingi, hawakumng'oa. Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na Karimjee akabaki kitini.

Basi ikafika 18 Oktoba 1961, wiki saba kabla ya uhuru. Wazazi, kama mtasoma sehemu moja tu ya makala haya na watoto wenu, someni hii.

Bunge lilikuwa na muswada wa uraia. Serikali ilipendekeza kwamba uraia wa Tanganyika usiangalie rangi. Aliyezaliwa nchini, na ambaye angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa nchini, angekuwa raia moja kwa moja siku ya uhuru. Wengine waliokuwa wakiishi nchini wangepewa miaka miwili ya kuamua na kujiandikisha. Baadhi ya wabunge walikataa. Wa TANU hao hao. Walitaka uraia uwe wa Waafrika, na wengine waombe baadaye. Hoja zao hazikuwa za kijinga: waliwaona Wahindi wenye maduka, Wazungu wenye mashamba, na Mwafrika akiwa wa mwisho kwenye kila foleni katika nchi yake. Mtu aliyekuwa namba kwa miaka 30 anapoambiwa kwamba tajiri wake sasa ni raia mwenzake, ana haki ya kuuliza maswali.

Mwalimu, Waziri Mkuu wakati ule, akasimama kwa hasira ambayo watu waliikumbuka muda mrefu. Akawaambia kuwa wakianza kuupima uraia kwa rangi hawatakomea kwa Wahindi na Wazungu. Kesho watapima kabila, keshokutwa dini. Akawafananisha na Hitler. Akasema serikali yake nzima ingejiuzulu muswada ukikataliwa. Ukapita.

Sasa fikiria chumba chenyewe. Wabunge wanajadili kama watu wa asili ya Kihindi wanaweza kuaminiwa kuwa wenyeji, ndani ya ukumbi uliojengwa kwa fedha ya familia ya asili ya Kihindi, katika Bunge ambalo Spika wake ni Karimjee. Kazi yake ilikuwa kumpa kila mmoja nafasi ya kusema, akiwemo anayesema watu kama yeye wasubiri. Spika hachangii hoja. Hakuna mtu katika nchi ile aliyekuwa ametoa zaidi kwa mji wa Dar es Salaam, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ndogo zaidi ya kusema lolote kuhusu jambo hilo.

Nimelifikiria tukio hili sana. Zamani nilidhani kwamba ukumbi, hospitali na shule ndivyo vilivyowapatia watu wa aina yake nafasi. Havikuwapatia. Ukumbi ulikuwa pale tangu asubuhi na bado swali liliulizwa. Kilicholimaliza swali ni sheria, iliyopigiwa kura na watu ambao wengi wao hawakudaiwa fadhila yoyote na Karimjee, na sheria hiyo ilimpa kinyozi wa Kihindi asiyewahi kuchangia hata tofali haki ile ile iliyompa mwenye mashamba. Mwalimu hakuwatetea kwa sababu ya wema wao. Laiti angewatetea kwa wema wao, wale wasio na cha kutoa wangekwenda na maji.

Baadaye mambo yalikwenda haraka. Mji ulikuwa umeshapata Meya Mwafrika wa kwanza mwaka 1960, Sheikh Amri Abedi, yule mshairi aliyeandika kanuni za kutunga mashairi, ambaye uwanja wa Arusha unaitwa kwa jina lake. Alifariki mwaka 1964 akiwa waziri, bado kijana. Siku moja baada ya uhuru, 10 Desemba 1961, Dar es Salaam ikatangazwa kuwa jiji. Mwaka 1962 kiti cha Spika kikaenda kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa aliyepigana na Wajerumani. Kutoka kwa mtoto wa wafanyabiashara hadi kwa mjukuu wa mpiganaji, bila mtu kutolewa kwa bunduki. Sisi tuliozoea tunaliona jambo dogo.

Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha. Februari mabenki, Oktoba mkonge. Mashamba mengi ya familia ya Karimjee yakataifishwa pamoja na ya wengine. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakaenda kwa Msajili wa Majumba, na Waasia wengi wakafunga mizigo kwenda Uingereza na Kanada. Shangazi yangu anasema Tanga ilikuwa kama nyumba iliyohamwa: ulikuwa ukiita dukani, sauti inakurudia. Familia hii haikuondoka yote. Waliobaki walianza upya na walichobakiwa nacho, na leo wana taasisi ya hisani inayosomesha vijana wa Kitanzania chuo kikuu, wakiwemo washindi wa mashindano ya wanasayansi chipukizi. Babu yangu, kwa upande wake, alifurahi sana mkonge ulipokuwa wa serikali. Furaha ilidumu mpaka bei ya singa ilipoporomoka kwa sababu ya kamba za nailoni, na serikali nayo ikachelewesha mishahara kama wenzake waliopita.

Kuna jambo moja la majina ambalo sijaliona likiandikwa. Hospitali ya Unguja ilibadilishwa ikawa V. I. Lenin, kisha Mnazi Mmoja. Shule ya Tanga ikabadilishwa. Lakini ukumbi, ambao ulikuwa wa siasa kuliko vyote, uliachiwa jina lake hata ujamaa ulipokuwa moto. Jiji limevunjwa na kuundwa mara kadhaa, mabaraza yamefutwa na kurudishwa, na bado watu wanasema "tukutane Karimjee". Watanzania wanaaga wakubwa wao pale. Mzee Mengi aliagwa pale Mei 2019, Mzee Lowassa Februari 2024. Hapa Johannesburg tumeona majina ya hospitali yakibadilika pia, Baragwanath ikawa Chris Hani Baragwanath, Johannesburg General ikawa Charlotte Maxeke, na wagonjwa wangu wazee bado wanasema "Gen" na "Bara". Jina la zamani lina mizizi kwenye ulimi.

Nimetaja hospitali za hapa kwa sababu nyingine. Uhuru ulipokuja, wauguzi Waingereza wengi waliondoka Tanganyika. Mwalimu akaomba msaada, na ANC ikatuma wauguzi 20 Waafrika kutoka Afrika Kusini, waliosafiri kwa shida mpaka Dar es Salaam na kuzijaza wodi zilizokuwa tupu. Walikuwa wageni, walikuwa vijana, na wengi hawakurudi makwao kwa miaka mingi. Kwa hiyo mwaka 2008, ghasia zilipoanza Alexandra na watu wa mataifa mengine wakachomewa nyumba, nami nikiwa zamu nawafunga vidonda wenyeji na wageni pamoja, mgonjwa mmoja aliniuliza kwa nini sirudi kwetu nikawahudumie watu wangu. Nilimwambia kuwa nalipa deni la wale 20. Hakuelewa. Dada mkuu wa zamu, Msotho mtu mzima, alielewa, akanipokea trei akaniambia niende nikanywe chai.

Hata hivyo jibu langu lilikuwa bovu, na sasa naliona. Nilikuwa nikijitetea kwa fadhila, kama vile haki ya kukaa mahali inalipiwa kwa awamu.

Jumuiya yetu inachanga vizuri. Msiba ukitokea, kikundi cha simu hakilali mpaka fedha ya kusafirisha mwili itimie, na tumewahi kumrudisha nyumbani kijana ambaye hakuna aliyemfahamu zaidi ya jina. Michango ya kusaidia yatima wa mtaa huu nayo tunatoa, tunapigwa picha na diwani, tunarudi nyumbani. Lakini vikao vya kata kuhusu maji yanayokatika na taka zisizozolewa hatuendi, tunasema si vyetu. Kwenye kamati ya wazazi ya shule ya mwanangu nilikuwa mgeni peke yangu kwa mihula miwili, na mara ya kwanza nilipofungua mdomo ilikuwa kuhusu choo kilichovunjika. Kilitengenezwa baada ya miezi minne. Sikumbuki mtu yeyote akiniuliza nimetoka wapi siku ile choo kilipofunguliwa.

Mwanangu yule aliyeuliza swali anatimiza miaka 18 mwezi Machi. Kwa sheria ya hapa, kwa kuwa amezaliwa hapa, sisi wazazi wake tukiwa wakazi wa kudumu, na hajaishi kwingine, anaweza kuwa raia wa Afrika Kusini na kupiga kura kwenye kata yake. Kwa sheria ya nyumbani, mtu mzima hawezi kuwa na uraia wa nchi mbili. Kwa hiyo ana lile lile walilokuwa nalo Waasia wa Tanganyika mwaka 1961, fomu na muda wa kuamua, isipokuwa yeye hana ukumbi wala mashamba, ana begi la shule na viatu vya mpira.

Nilipommalizia hadithi hii, babu, mkonge, Spika na yote, alikaa kimya, kisha akauliza kama Karimjee mwenyewe alisema chochote siku ile ya Oktoba. Nikamwambia Spika huwa anawapa wengine nafasi ya kusema. Akasema, "Sasa hapa ni zamu yangu, siyo?" Fomu iko juu ya friji, chini ya sumaku yenye picha ya twiga. Baba yake anataka aijaze, bibi yake wa Tanga anapiga simu kila Jumapili kumwambia asiiguse, na mimi nimeacha kalamu pale pale pembeni yake.